Mashine Haikuitikia Salamu

Hapo zamani za majuzi palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa kuogopa, ila kwa sababu Wizara ya Majina haijanijibu kama naruhusiwa. Ilikuwa nchi nzuri. Mvua ilinyesha kwa kibali, umeme ulikatika kwa ratiba, na Kiingereza kilizungumzwa kila pahali palipokuwa na meza kubwa. Bunge liligombana kwa Kiingereza. Mahakama iliwahukumu kwa Kiingereza watu wasiokijua, nao wakaenda jela huku wakiuliza wamefanya nini. Shuleni mtoto akiteleza akasema "jamani", alivishwa kibao shingoni cha kumtangaza kuwa mjinga, na kibao hicho kiliandikwa kwa Kiingereza ili mwenyewe asikielewe akaumia.

Kwa hiyo tulishangaa kidogo vyuo vya ng'ambo vilipotuambia kwamba mtoto wetu akitaka kwenda kusoma huko, kwanza athibitishe kama anakijua Kiingereza. Tukawauliza, si ninyi mliotuletea? Wakasema ndiyo, tuliwaletea, ila hatuna hakika kama mlikipokea. Serikali yetu ikaona jibu hilo limetoka kwa watu waliosoma, ikakubali.

Mtihani wenyewe ulikuwa na jina refu la kujaza mdomo. Sisi tuliuita Kipimo, kama cha damu. Ukikutana na mzazi mwenzako buchani unamuuliza kwa sauti ya chini, "Wako ameshapima?" Naye anaangalia nyama. "Amepima, shoga, lakini majibu si mazuri." Unampa pole, mnanunua utumbo, mnaagana.

Mimi naitwa Mama Nuhu, na nawaambieni mapema tusije tukavunjiana heshima huko mbele: mimi si mtu wa wivu. Nina kiungulia tu. Kinanipanda kwa nyakati fulani, hasa jirani yangu anapopika pilau ya sherehe.

Nuhu ni mwanangu wa pekee. Baba yake alifariki Nuhu akiwa bado anatambaa, kwa hiyo nilimlea mwenyewe, nikamlea kwa adabu. Alitaka kusomea udaktari wa mifugo, maana tangu mdogo hakupita mbele ya mbuzi bila kumuuliza anaumwa wapi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimeshamkubali na kumwekea nafasi kwa sharti moja, kwamba apate Kipimo kabla masomo hayajafunguliwa. Asipopata, nafasi anapewa mtu mwingine. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

*

Sasa niwaeleze desturi yetu, msije mkamwona mwanangu mpumbavu. Kwetu mtu hakurupuki na shida yake. Unaanza na hali ya mwenyewe, unashuka kwa watoto, unapita kwa wazazi na wagonjwa, unamalizia kwa kuku na mbuzi, maana nao wana siku zao. Kisha unanyamaza, mwenzako naye akuulize wewe. Mkishafika mwisho ndipo unamwambia kwamba nyumba yake inaungua.

Nuhu aliingia kwenye Kipimo na shati lake jeupe. Kusoma alipata, kusikiliza alipata, kuandika alipata mpaka wakamshuku. Ikabaki kusema. Walimkalisha mbele ya mashine, wakamvika vidude vya masikioni, na mashine ikamwambia palepale: eleza mahali unapopenda kupumzika, anza sasa.

Nuhu akaona huo ni ukali wa mtu mwenye matatizo, pengine amefiwa. Akaisalimu. Akaiuliza imeamkaje, wa nyumbani kwake wanaendeleaje, akaipa pole kwa kazi ya kusikiliza watu kutwa nzima bila hata chai. Kisha akanyamaza kwa heshima, asubiri kujibiwa. Mashine ikalia tii. Nuhu akadhani huo ndio uitikiaji wa kwao. Akaishukuru, akavua vidude, akatoka.

"Swali lilikuwa lipi?" nilimuuliza alipofika nyumbani.

"Liliniuliza mahali ninapopenda kupumzika."

"Ukajibu nini?"

"Sikufika huko, mama. Ndiyo kwanza tulikuwa tunasalimiana."

Majibu yalipotoka, kwenye kusema alipewa sifuri, na maelezo mafupi kwamba mtahiniwa hakuonekana kuwepo.

Nililia, lakini nilijifariji upesi, maana nchi nzima ilikuwa imepata sifuri. Watoto wa mawakili, sifuri. Mtoto wa mwalimu mkuu aliyefika mpaka kuiombea mashine dua, sifuri. Mahali pa kufelia pamoja hapana uchungu sana. Nilikuwa nimeanza hata kucheka tena, mpaka niliposikia vigelegele upande wa pili wa ukuta.

Tausi alikuwa amefaulu.

*

Tausi ni binti wa jirani yangu, Mama Tausi. Ukuta wetu ni mmoja, wa matofali ya matundu, kwa hiyo nayajua ya kwao hata nisipotaka, na mara nyingi nataka. Mtaa mzima ulikuwa ukimtumia Tausi kuwaonya watoto. "Usije ukawa kama Tausi." Alikuwa anapita njiani kainamisha kichwa, kakumbatia vitabu, hatoi shikamoo kwa mkubwa wala mambo kwa mdogo. Mama yake alizoea kuja kwangu kuniomba radhi. Ananiambia, "Nisamehe mwenzangu, mtoto wangu ndivyo alivyo." Nami nampa pole, namkaribisha chai, namwita Nuhu aje amsalimie kirefu ili moyo wake upoe. Ilikuwa raha sana kumpa pole yule mwanamke. Sijui kama mnanielewa.

Basi mtoto huyohuyo alikaa mbele ya mashine, akaulizwa anapenda kupumzika wapi, akasema, "Chini ya dirisha la jikoni kwa mama yangu," na sababu akaitoa. Alama kamili. Mama Tausi akapika pilau. Akatengenezesha bango la TUNAMPONGEZA TAUSI na picha ya mtoto kainamisha kichwa, akalitundika ukutani. Ukuta una pande nyingi, jamani, hata upande wa barabara upo. Yeye alilielekeza jikoni kwangu. Kila nikikuna nazi, Tausi ananikwepa macho.

Kiungulia kilinikaa wiki nzima.

*

Serikali haikulala. Iliunda Tume ya Kuchunguza Walichosema Watahiniwa Ambao Hawakusema Kitu. Tume ilikwenda ng'ambo pamoja na wake zake, ikafikia kwenye hoteli zenye ngazi zinazopanda zenyewe, ikasikilizishwa sauti za watoto wetu zilizohifadhiwa kule. Nasikia kazi ilichukua muda kwa sababu wajumbe waliitikia kila salamu.

Iliporudi, Tume ilisema tatizo limejulikana. Tatizo ni salamu. Taifa zima linamaliza muda wake kwa kuulizana hali, na msichana mmoja tu asiyesalimia ndiye aliyefaulu. Ushahidi gani mwingine mnataka?

Kampeni ya Taifa ya Kuingia Moja kwa Moja ilizinduliwa kwenye uwanja wa mpira na Waziri wa Elimu, Vipimo na Safari za Ng'ambo, Mheshimiwa Profesa Mbwembwe Ngurumo. Watoto wake yeye hawakuhitaji Kipimo, walizaliwa hukohuko ng'ambo, mama yao akiwa kwenye semina. Tulifika asubuhi. Mheshimiwa akashika kipaza sauti akaanza kumtambua Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa mke wa Mkuu wa Mkoa, waheshimiwa madiwani kila mmoja kwa jina la babu yake, viongozi wa dini, viongozi wa dini waliotuma udhuru, wazee maarufu, vijana wanaotarajiwa kuwa maarufu, na mheshimiwa fundi wa vyombo. Jua lilipotukaa utosini akasema itifaki imezingatiwa, tukapiga makofi, akakumbuka kwamba hajamtaja Mkuu wa Zimamoto, akarudi mwanzo.

Mwishowe akasema, "Ndugu wananchi, salamu zinatuchelewesha." Akakaa.

Kisha Tausi akapandishwa jukwaani kuvishwa nishani na cheo cha Balozi wa Kutosalimu. Waziri alimpa mkono, Tausi akaangalia viatu vyake. Waziri akamwambia hongera, Tausi akakaa kimya. Uwanja mzima ukasimama kwa furaha. "Mmemwona?" Waziri alituambia. "Hata asante hakusema. Huyu ndiye raia tunayemtaka."

Mama Tausi alikuwa palepale jukwaani, kwenye kiti chenye mto, kavaa kitenge ambacho mimi ndiye niliyekiona kwanza dukani. Mimi nilisimama nyuma ya spika. Aliponiona akanipungia mkono. Kupunga mkono kulikuwa kumepigwa marufuku asubuhi ileile, na nilitazama huku na huku nikitumaini kuna askari atakayemwona. Hakuwepo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema peke yangu. Mimi ndiye niliyelea kwa adabu. Mimi ndiye niliyemfundisha wangu kusalimia hata mbuzi. Aliyelea vibaya ndiye kapewa kiti chenye mto.

*

Chuo cha Nuhu kilikubali ajaribu mara moja tena, ya mwisho. Nikampeleka kwa Mwalimu Kavu, aliyekuwa amefungua kituo cha kukata salamu nyuma ya mashine ya kusaga. Huyu bwana zamani alifukuzwa kazi benki kwa kukosa lugha nzuri kwa wateja, sasa foleni ya wazazi wanaomtaka ilizunguka mtaa. Nilipoingia hakuninyanyulia hata kope. Nikajua nimefika kwa mtaalamu.

"Wazo. Sababu mbili. Mfano. Kwa hiyo. Basi," alisema. "Mtu akikuuliza chochote, unampa hivyo. Nyumbani uendelee naye, mama. Ukimlegezea atarudia kusalimia."

Nikaendelea naye. Nuhu akiingia asubuhi na "Shikamoo mama, umeamkaje," nageukia ukuta. Akiniuliza mgongo wangu, namnyima chai. Mpaka aseme, "Nataka chai kwa sababu mbili. Kwanza nina njaa. Pili ni asubuhi. Kwa mfano, jua limetoka. Kwa hiyo nataka chai." Hapo ndipo namimina. Siku za mwanzo alikuwa anatoka nje kwenda kuwasalimia kuku kwa kujificha. Nikawauza kuku.

Mtaani hali ilikuwa hiyohiyo. Sokoni mama wa nyanya alikuambia nyanya zake ni nzuri kwa sababu mbili. Askari wa kampeni walizunguka na filimbi, wakiona watu wameshikana mikono wakiulizana hali wanawaachanisha. Bwana mmoja alikwenda kumposea mwanawe, akasema shida yake akiwa bado mlangoni, akapewa mke palepale, na wote walikubaliana kwamba maendeleo yamefika.

Kilichobaki kilikuwa Mzee Shomari. Huyu ni mzee wa nyumba ya mbele, aliyefiwa na mkewe mwaka ule, na kila siku asubuhi Nuhu alikuwa akienda kuketi naye barazani, wanasalimiana mpaka jua linawafikia miguuni. Mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza kikohozi chake. Mwalimu Kavu akasema hapo ndipo penye mtihani wa kweli, na kwamba kijana akimpita mzee huyo, mashine haitamshinda.

"Mama, mzee atafikiri nini?" Nuhu aliniuliza.

"Toa wazo, sababu mbili."

"Mama."

"Tausi angempita," nilimwambia.

Nilisimama dirishani nikamtazama. Mzee Shomari alimwona kwa mbali, akasogea kumwachia nafasi kwenye mkeka. Nuhu akapita, shingo imekaza kama ya mtu aliyebeba ndoo ya maji. Mzee akabaki ameshika ile nafasi kwa kiganja. Nami nikapiga kofi moja dogo, peke yangu jikoni, kwa furaha.

Jioni mzee alikuja mlangoni kwangu na kofia mkononi. "Mama Nuhu, nimemkosea nini mtoto? Kama nilisema neno baya, uzee huu, mniambie."

"Yuko kwenye mafunzo, mzee wangu," nilimwambia, na nilisema kwa sauti kubwa ili Mama Tausi asikie kupitia yale matundu.

Nuhu hakula usiku huo. Kesho yake alimpita tena, na shingo haikukaza sana. Keshokutwa alipita akiangalia simu.

*

Alifaulu. Alama kamili, Nuhu wangu, zilezile za Tausi. Aliulizwa aeleze mtu aliyeathiri maisha yake, akamweleza Mwalimu Kavu kwa sababu mbili na mfano, akatoka dakika zikiwa zimebaki.

Nilichinja. Nikaleta viti vya kukodi na muziki. Bango langu lilikuwa refu kuliko la mwenzangu kwa kipande kizima, na nililielekeza mnakokujua. Mama Tausi akaja na sahani ya vitumbua, akanishika mikono yote miwili kwa muda mrefu, sheria ile hakuiogopa. "Hongera sana, mwenzangu. Nimefurahi kama wangu." Nilimkagua usoni nitafute kiungulia. Sikukiona, na jambo hilo liliniudhi karamu nzima.

Tausi alikuwa ameshaondoka mwezi mmoja kabla. Nuhu wangu naye akafika siku yake. Uwanja wa ndege nilisimama na kapu la vileja na maneno niliyoyapanga tangu mimba yake. Nilikuwa nimeona kwa wenzangu jinsi watoto wanavyowashika mama zao shingoni pale, wanalia, polisi wanawatenganisha. Nikanyoosha mikono.

"Naondoka kwa sababu mbili," Nuhu aliniambia. "Kwanza, ndege imeita abiria. Pili, nina tiketi. Kwa hiyo naondoka."

Hata mfano hakutoa. Akachukua kapu, akaingia. Nikawaambia waliokuwa karibu kwamba huyo ndiye mwanangu, mwenye alama kamili.

*

Simu yake ya kwanza ilikuja Ijumaa. Niliiwekea sauti ya juu, nikaisogeza kwenye matundu ya ukuta.

"Hujambo mwanangu, umefika salama? Baridi je? Unakula? Wenyeji wako wazima?"

"Niko salama kwa sababu mbili. Kwanza, chumba kina joto. Pili, nimekula. Kwa mfano, mkate. Kwa hiyo niko salama."

Nikasubiri aniulize mgongo. Simu ikakatika. Kila Ijumaa ikawa hivyo, na baada ya muda nikawa naitoa ile sauti ya juu.

Siku moja nilikuwa nachagua mchele karibu na ukuta nikasikia simu ya upande wa pili. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachagua mchele karibu tu.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya msichana. "Umeshindaje? Mguu unauma bado? Ulipaka ile dawa? Na kikohozi cha Mzee Shomari? Naye Mama Nuhu mzima? Mwambie namsalimu sana. Na yule kuku mwekundu keshatotoa?"

Walifika mpaka kwenye kuku. Mchele ulinimwagika. Kilichonipanda siku hiyo hakikuwa kiungulia, na nikikiita hivyo tena nitakuwa nawadanganya. Ulikuwa wivu. Nilimwonea wivu Mama Tausi kuliko siku ya kiti, kuliko siku ya bango. Nilitaka simu ile iwe yangu na kuku yule awe wangu.

Nikazunguka ukuta, nikaingia kwake bila hodi. "Mwenzangu, mtoto wako ameanza lini kusalimia?"

Mama Tausi alinisogezea kigoda. Kwanza aliniuliza hali, nikaitika, tukapita kwa wote. Kisha akasema, "Tausi ana haya, Mama Nuhu. Tangu mdogo. Akiona macho ya mtu, ulimi unamkauka. Anarudi nyumbani analia kwamba kamkuta Mzee Shomari na kashindwa. Ile mashine aliiweza kwa sababu haina macho. Simu nayo ndivyo hivyohivyo, anasema mpaka vocha inaisha."

"Mbona hukusema? Nchi nzima imeacha salamu kwa ajili yake."

"Nimwambie nani? Waziri alikuwa ameshamvisha nishani."

Akaanza kukunja upindo wa kanga, nikajua kuna jambo.

"Alinipa na neno la kukuuliza, nikawa naona tabu. Amemwona Nuhu huko, njia ya maktaba. Akasema huyu ni wa nyumbani, leo najikaza. Akamsalimia uso kwa uso, mtu wa kwanza maishani mwake. Nuhu akapita." Mama Tausi alinitazama. "Anauliza amemkosea nini."

Nilimwambia mgongo unaniuma, nikarudi kwangu.

*

Wiki hiyohiyo Kipimo kilibadilishwa. Wenye nacho huko ng'ambo walitangaza kwamba wamechoka na watahiniwa kutoka nchi fulani wanaojibu kama orodha ya dukani, na kwamba sasa kutakuwa na mtu badala ya mashine mbele ya mtahiniwa, na alama zitatolewa kwa uchangamfu na kujali mwenzako. Serikali yetu ikazindua Kampeni ya Taifa ya Kurejesha Salamu. Mheshimiwa Profesa Mbwembwe Ngurumo alipanda jukwaani akasema, "Kuanzia leo, salimianeni," akashuka, akapanda gari. Watu walikuwa bado wanatafuta mahali pa kukaa. Mwalimu Kavu alifuta kibao cha kituo chake akaandika kingine, na nilipopita aliniuliza hali ya kuku zangu.

Mzee Shomari naye nilimfuata barazani. Nilimsalimia, nikafika hadi kwenye kikohozi. Aliitika yote vizuri. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi kwenye mkeka, upande ule, na nafasi yenyewe haikuwa yangu.

Nikampigia Nuhu. Nilitaka kumwambia amtafute Tausi amsalimie. Nilitaka kumwambia kwamba zile sababu mbili aziache sasa, nilizitaka kwa ajili ya bango tu, na bango lenyewe mvua imelichuja, na nyumba imekuwa kimya mno. Hakupokea yeye. Ilipokea sauti yake iliyohifadhiwa.

"Sipokei simu kwa sababu mbili. Kwanza, huenda niko darasani. Pili, huenda nimelala. Kwa hiyo, sema unachotaka."

Nikaanza kama nilivyolelewa. Nikamuuliza ameamkaje. Nikamuuliza masomo, baridi, chakula, wenyeji wake, ng'ombe wa huko anaosoma kuwatibu, wakiumwa wanalalaje. Nikampa salamu za Mzee Shomari, ambazo sikutumwa. Nikamwambia mgongo wangu haujambo ingawa hakuuliza. Nilikuwa sasa nakaribia kwenye neno lenyewe, nikanyamaza kidogo kwa heshima, nimpe nafasi naye aitikie.

Mashine ikalia tii.

Nikaishukuru, nikakata simu.